Safari ya kwanza Komoro: kisa cha familia moja ya Lamu

Kisa hiki nimekiandika kwa wanaopangia watu safari, na kwa yeyote wa pwani yetu anayefikiria kwenda Komoro kwa mara ya kwanza. Majina, mtaa, mwaka na baadhi ya alama za ukoo nimeviondoa au kuvigeuza. Familia yenyewe imesikiliza nikiwasomea na imeridhia. Kazi yangu mimi ni kukata tiketi na kushughulikia safari hapa Lamu, nyingi zikiwa za umra, na wateja wangu karibu wote ni watu wa kisiwani.

Usuli

Walikuja watatu. Bi M. ni mjane wa miaka sitini na kitu, na nyanya yake alizaliwa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro. Binti yake ni mwalimu wa shule ya msingi. Wa tatu ni kijana, mtoto wa kaka yake Bi M., aliyesoma chuo cha dini hapa hapa mjini. Hakuna kati yao aliyewahi kutoka nje ya Kenya, isipokuwa Bi M. aliyekwenda hija zamani na kundi.

Mawasiliano na jamaa wa Ngazidja yalikuwa yamekatika kwa miaka mingi, mpaka mama mmoja wa Kingazija anayeishi Mombasa, nitamwita Bi Z., akawaunganisha kwa simu na nyumba moja iliyo kaskazini ya Moroni, mji mkuu. Baada ya hapo ujumbe wa sauti ulikuwa ukienda na kurudi kila Ijumaa. Nyumba ile ikawaambia kuna harusi kubwa inakuja, nao ni watu wa ndani, waje.

Kwa mtu wa Lamu, Ngazidja si nchi ya kuuliziwa njia. Habib Swaleh, aliyeanzisha msikiti wa Riyadha hapa Lamu, alitoka huko, na kila mwezi wa Maulidi jina la kisiwa kile hutajwa hapa kama linavyotajwa Pate au Siyu. Bi M. alipoketi mbele yangu neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, kule ni kwetu. We tukatie tiketi tu." Neno hilo ndilo kiini cha kisa chote. Familia hii ingekuwa inakwenda Vietnam, ingeuliza kila kitu hadi bei ya maji ya kunywa. Kwa kuwa ilikuwa inakwenda "kwetu", iliuliza machache sana.

Na Komoro ni ndogo kwenye ramani lakini si nyepesi. Visiwa vitatu, Ngazidja, Nzwani na Mwali, ni nchi moja iliyojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Cha nne, Maore, kilibaki chini ya Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa wa Ufaransa kamili. Kila kisiwa kina lahaja yake, na Maore kuna vijiji vinavyosema lugha ya Kimalagasi. Lugha rasmi ni tatu: Kikomoro, Kifaransa na Kiarabu. Watalii ni wachache, kwa hiyo ile huduma ya kumshika mgeni mkono ambayo sisi Lamu tumeizoea kuiuza, huko usiitegemee.

Mpango waliokuja nao

Kwenda Disemba, shule zikifungwa. Kukaa wiki tatu. Kuzunguka visiwa vyote vinne kwa boti, "kama tuendavyo Faza". Kubeba shilingi na kadi ya benki ya binti. Kuishi kwa jamaa.

Jambo la kwanza kubishaniwa lilikuwa Disemba. Bi M. alikuwa na hoja, na kwa hapa ilikuwa hoja nzuri: kaskazi ikivuma bahari hulala na mvua hakuna, ndio wakati wa safari tangu enzi za majahazi. Lakini upepo ule ule ukifika Komoro hufanya kazi nyingine. Huko kaskazi ndiyo huleta mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, na ndio msimu wa vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita Ngazidja mwezi Aprili 2019, na Chido kiliipiga Maore tarehe 14 Disemba 2024 na kuacha mitaa mizima bila mapaa. Kusi, ambayo kwetu huja na masika na kuchafua bahari, huko ndiyo ya ukavu, ingawa mawimbi hayakosekani. Kijana ndiye aliyelipokea hili upesi. Shangazi yake aliniangalia kama mtu anayesema jua huchomoza Mpeketoni, magharibi yetu.

Kilichoamua ni harusi. Ilikuwa imewekwa Agosti, maana Julai na Agosti ndipo Wakomoro wa Ufaransa, hasa wa Marseille, hurudi nyumbani kufanya na kuhudhuria harusi kubwa. Tiketi za miezi hiyo hupanda na viti huisha mapema, na ndege za Nairobi kwenda Hahaya, uwanja wa Ngazidja, si za kila siku. Tukachukua Agosti, tukanunua mapema mno kwa desturi ya watu wetu, kabla hata pasipoti ya Bi M. haijatoka. Hiyo ilikuwa bahati nasibu niliyoikubali kwa kuwa nauli ya kubadilisha tarehe ilikuwa nafuu kuliko nauli ya kuchelewa. Pasipoti ilitoka kwa wakati, baada ya Bi M. kwenda Mombasa kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, akafikia kwa Bi Z. Viza haikutusumbua: ilitolewa pale pale Hahaya.

Maore

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko popote. Bi M. ana binamu Maore, mwanamke wa umri wake, na kwa hakika yeye ndiye aliyekuwa akimtamani zaidi kuliko harusi. Alidhani ukishafika Nzwani umefika Maore, na kwa macho si uongo sana, maana ni bahari ya kilomita 70 hivi tu.

Lakini Maore huingii kwa viza ya Komoro. Mkenya anahitaji viza ya Kifaransa iliyotolewa mahsusi kwa Maore. Hata mwenye viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, haimsaidii. Hata Mkomoro wa Nzwani anahitaji viza kwenda kwa ndugu yake wa Maore, na imekuwa hivyo tangu 1995. Tangu hapo watu huvuka usiku kwa boti ndogo za faiba zinazoitwa kwasakwasa, na maelfu wamezama.

"Watu wavuka kila siku," Bi M. alisema. Jamaa wa Nzwani alikuwa ameshamwambia kwa simu kwamba yuko mtu.

Sikulumbana naye juu ya sheria. Nilimwomba kijana amweleze boti yenyewe: urefu wake, injini moja, watu wangapi, na kwamba taa huzimwa ili doria isiione. Bi M. ni mtoto wa bahari. Baba yake alikuwa na jahazi. Alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama nahodha hubeba injini ya akiba. Alipoambiwa mara nyingi hapana, alikunja ule ukurasa wa daftari wenye jina la binamu akautia mkobani. Maore ikatoka kwenye mpango. Nzwani nayo ikatoka, kwa maana hiyo hiyo: nilihofia akifika Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani, na yule mtu wa boti akaja mlangoni, moyo utamshinda.

Mwali ilibaki, ila kwa masharti. Kuna njia mbili: boti kutoka Chindini, kusini ya Ngazidja, hadi Hoani, au ndege ndogo. Boti katika kusi haikunipendeza kwa mama wa umri ule. Ndege nayo ina historia. Mwaka 2022 ndege ndogo yenye watu 14 ilianguka baharini karibu na Mwali. Tulichagua ndege, na tukaiweka mwanzoni mwa wiki ya mwisho, siku za kutosha zikiachwa kati ya kurudi Ngazidja na ndege ya Nairobi. Binti alilalamika kwamba tunapoteza siku bure.

Pesa na mizigo

Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro, faranga 492 kasoro kidogo kwa euro moja, kwa hiyo hesabu ya bei haiyumbi. Shilingi yetu haina wa kuipokea, M-Pesa haifiki, na kadi hutegemea mashine chache za Moroni. Niliwataka wabebe euro taslimu, noti ndogo ndogo, mifukoni mwa watu watatu tofauti. Walifanya hivyo, lakini binti aliacha sehemu ya fedha benki akiitegemea kadi.

Wakagawa fungu: chakula na usafiri wa Ngazidja, safari ya Mwali, akiba ya kutoguswa, na zawadi. Zawadi zenyewe zilikuwa nzuri: kofia za vito zilizoshonwa kwa mkono, leso, halua. Uzito ukawa tatizo, maana ndege ndogo za kutoka Manda, uwanja wetu wa Lamu, kwenda Wilson, Nairobi, hazikubali zaidi ya kilo 15 kwa mtu hata kama ile ya kimataifa inakubali zaidi. Sanduku la leso likatangulia kwa basi.

Mwenyeji aliulizwa kwa ujumbe wa sauti: tuje na nini, tujiandae vipi, kuna gharama gani? Jibu lilikuwa lile lile kila Ijumaa: "Karibuni. Njooni tu. Hapana neno."

Jambo moja likajitokeza kwa bahati. Kijana alipomsindikiza shangazi yake Mombasa kwa ajili ya pasipoti, alinunua joho la kuvaa harusini. Bi Z. akaliona limetundikwa mlangoni akacheka. Akamwambia aliache. Ngazidja joho na mavazi ya namna hiyo ni ya mtu aliyekwisha kufanya harusi kubwa ya mila, ile ya aada. Asiyeifanya, hata awe na mvi, kimila bado ni kijana wa mji. Joho likarudishwa dukani.

Safari ilivyokwenda

Siku za kwanza zilikuwa nyepesi. Bi M. aliingia nyumba ile kama aliyetoka jana. Ngazidja nyumba na ardhi ya ukoo hupita kwa wanawake, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Bi M., aliyelelewa katika nyumba ya Lamu aliyojengewa mama yake na baba yake, hakuhitaji kuambiwa amwombe nani ruhusa ya jikoni. Lugha ilimpiga chenga mwanzoni, maana Kingazija husikika kama unakijua mpaka uulizwe swali. Lakini wazee waliokulia Unguja, wengi wao waliorudi Komoro baada ya mapinduzi ya 1964, walikuwa wakisema Kiswahili safi kuliko cha binti.

Kijana alipata somo lake jioni ya pili. Kila mji una uwanja wake, bangwe, wenye viti vya mawe, na wanaume huketi hapo baada ya Alasiri. Alikwenda akaketi palipokuwa wazi, kama anavyoketi baraza yoyote ya Mkomani. Hakuna aliyemkemea. Mzee mmoja alimsogelea akamwambia kwa Kiswahili cha Kiunguja, "Mwanangu, hapo bado hujapafikia," akamshika mkono akampeleka upande wa pili. Viti vile vina daraja, na daraja ni ile ile ya joho. Kijana alimsalimu kwa Kiarabu, mzee akajibu kwa Kiarabu, na kuanzia siku hiyo mzee ndiye aliyekuwa akiwatembeza, mpaka Msikiti wa Ijumaa wa zamani wa Moroni na mpaka makaburini kumtafuta bibi wa ukoo. Kiarabu cha chuoni kiliwafaa kuliko Kiingereza cha binti, ambacho hakikupata wa kuongea naye.

Kisha harusi. Katika shughuli mojawapo ya wanawake, mama mmoja aliketi na daftari la shule, kalamu imefungwa uzi. Kila anayetoa, jina lake na alichotoa husomwa kwa sauti kisha huandikwa. Bi M. alikuwa na bahasha ya euro 20 ndani ya buibui, kama tunavyotoa tunzo huku. Alisikia majina matatu yaliyomtangulia. La kwanza lilikuwa na dhahabu. La pili faranga laki na zaidi. La tatu lilikuwa la msichana wa Marseille, umri wa mjukuu wake, na euro alizotoa zilikuwa mara kumi ya zile zilizokuwa kwenye bahasha. Akamgeukia binti, akamnong'oneza, "Ilete iliyoko mkobani. Yote."

Ilikwenda fungu la Mwali na sehemu kubwa ya akiba. Kesho yake binti alizunguka mashine za Moroni na kadi ikakataliwa kila mahali.

Kumwomba mwenyeji ilikuwa haiwezekani. Ingekuwa kumrudishia aibu mtu aliyewapokea. Binti alinipigia usiku. Njia iliyopatikana ilipita tena kwa Bi Z.: benki ya binti ikahamishia fedha M-Pesa, M-Pesa ikaenda Mombasa kwa Bi Z., na kaka yake Bi Z. akawapa faranga mkononi Moroni.

Mwali walikwenda. Walifika Itsamia, kijiji ambacho watu wake ndio wanaolinda kasa, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 2001, wakaona kasa wakubwa wakipanda ufukweni usiku kutaga. Kurudi, ndege iliahirishwa, na tangazo lilibandikwa kwa Kifaransa peke yake. Ikaahirishwa tena. Waliingia Ngazidja na bado walikuwa na siku ya kufulia nguo kabla ya ndege ya Nairobi. Siku zilizoitwa za bure ziliokoa tiketi tatu.

Matokeo

Walirudi salama, wameonana na ukoo, na kaburi limepatikana. Walitumia karibu theluthi moja zaidi ya walivyopanga, na ziada hiyo karibu yote ni ya harusi. Maore haikufikiwa.

Uchambuzi

Kugeuza msimu na kutenga siku za akiba kabla ya ndege ya mwisho ni maamuzi ya kawaida, ningeyafanya kwa mteja yeyote na sitayasifia. Kuondoa Nzwani pamoja na Maore kunajadilika. Kijana anaona nilimfanya shangazi yake mtoto. Mimi naona nilimwondolea jaribu. Mji wa Mutsamudu ni mzuri na wangeupenda, hilo nakubali.

Kilichofeli ni namna ya kuuliza. Familia iliuliza maswali mazuri, ila iliyapeleka kwa mtu asiyeweza kuyajibu. Mwenyeji wa pwani, awe wa Lamu au wa Ngazidja, akiulizwa na mgeni "tujiandae na kiasi gani?" atasema "hapana neno", na angesema vingine tungemwona hana adabu. Akikutajia kiwango cha kutunza amekudai. Akikwambia joho halikufai amekushusha. Kwa hiyo habari zile mbili zilizokuwa na uzito kuliko zote, daraja na fedha, ndizo hasa ambazo mwenyeji hawezi kukupa. Na Bi Z. alikuwapo wakati wote. Si mwenyeji wao, si mgeni wao, anaijua mila, na hana cha kupoteza akisema ukweli. Lile la joho alilitoa bila kuombwa. La daftari angelitoa kwa swali moja, lakini hakuna aliyemuuliza, kwa sababu machoni mwa familia kazi yake ilikuwa imekwisha siku alipotoa nambari ya simu.

Mtu wa namna hii hupatikana karibu kwa kila nchi. Kwa Komoro, Wangazija wa Mombasa na Unguja wako tele. Sipendekezi atafutwe mwanafunzi au kijana wa mitandaoni. Mila ya aada inajulikana vizuri zaidi na mwanamke wa makamo aliyewahi kuchangia harusi za watu na kuchangiwa zake.

Upande wa kadi sina mengi. Kadi ambayo haijawahi kutumika nje ya nchi si akiba. Kifaransa kilikuwa pengo dogo kuliko nilivyotarajia: kiliwabana ofisini na uwanja wa ndege, majumbani hakikuhitajika. Kupakua kamusi ya simu inayofanya kazi bila intaneti kungetosha.

Jambo moja bado hatujakubaliana na Bi M. Kwenye jedwali langu fedha za harusi ni gharama iliyopita mpango. Yeye anasema nimeiandika safu isiyo yake: jina lake limo daftarini, na mjukuu wake akiolewa wale watu watakuja Lamu, au wataleta. Kwa hesabu ya huko ana haki, na hata kwa hesabu ya huku, maana siku ile aliposema "yote" alikuwa anajua anachofanya. Ila mwalimu wa shule ya msingi ndiye anayelipa pengo hilo kila mwisho wa mwezi, na yeye hakuulizwa.

Ombi la viza ya Maore limeanza. Binamu ana karatasi halali za kuishi kule, na barua ya mwaliko ameshaituma.